Mgeni kutoka Malawi anasajilije laini akiwa Mbeya?

Wakuu, mgeni wa Malawi anayeishi Uyole kwa kibali cha ukaazi, hana namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), atasajilije laini? Wakala wa mwavuli, wa kusajili laini barabarani, kamkatalia.

Jibu 1: Huyo wakala si mkorofi. Wengi wa mwavulini wamezoea namba ya NIDA tu. Aende duka lenyewe la mtandao, pale mjini, na pasipoti halisi pamoja na kibali. Kopi haitoshi. Atachukuliwa alama za vidole, na hapo ndipo watu hukwama: mikono yenye udongo, jasho au baridi ya asubuhi ya Mbeya husumbua mashine. Anawe, ajifute, akauke. Kidole kimoja kikigoma ajaribu kingine. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, maana likipotoka kuirudisha laini iliyopotea ni shughuli.

Jibu 2: Naongezea. Asikubali kabisa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata la shemeji. Pesa ya simu ina jina la huyo, na akiamua kuifunga, salio linabaki kwake. Akishasajiliwa, apige *106# aone namba zilizo chini ya kitambulisho chake.

Jibu 3: Akishuka mpakani, Kasumulu (Malawi) au Tunduma (Zambia), azime kuchagua mtandao kiotomatiki, achague wa Tanzania mwenyewe. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo, vocha inayeyuka kabla hajamaliza salamu.