Hosteli ya chuo au nyumba ya kupanga na wenzangu: Ujerumani ipi rahisi?

MwanaLangoni
Assalamu alaykum. Nimepata chuo Ujerumani, inshallah naondoka Amu kabla ya Oktoba. Hosteli wamenipa chumba cha yuro 310 kwa mwezi. Kuna na nyumba ya kupanga na wanafunzi wawili, kila mtu 260. Hosteli wanataka jibu Ijumaa. Ipi itaniokolea pesa?

BintiMkomani
Waalaykum salaam kaka. Mji gani? Kodi ya München na ya Leipzig hazikaribiani. Na hiyo 260 ina joto, umeme na intaneti ndani yake, au ni kodi tupu? Hosteli aghalabu hutoza yote pamoja.

Mshela
Hamsini kila mwezi ni 600 kwa mwaka! Chukua nyumba. Wanunua nyama ya halali kwa maduka ya Waturuki, wagandisha, wapika chako. Hosteli jokofu ni la wote, ukiweka kitu hukikuti.

AmiFaza
Mwanangu, ngoja kwanza. Mimi nilipanga chumba kwa mwenye nyumba mmoja kwa sababu ya hiyo rahisi. Kule ukihamia lazima ujiandikishe kwa ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, na mwenye nyumba akupe karatasi ya kuthibitisha wakaa kwake. Akakataa kuniandikia. Bila usajili, benki ikakataa kunifungulia akaunti ya kawaida, na pesa za ile akaunti ya viza, uwekayo pesa za matumizi ya mwaka ndipo upewe viza, hutolewa kidogo kidogo kila mwezi kupitia akaunti ya kawaida. Pesa ninazo na sizigusi! Nikala kwa mkopo wa wenzangu wa msikitini. Dirisha la chumba halifungi sawasawa, upepo waingia usiku kucha, joto nawasha halitoshi. Mwaka kwisha yaja hesabu ya joto, nidaiwe mimi. Dipoziti alichukua ya miezi mitatu, ndiyo mwisho kisheria, na sikuiona tena.

Mshela
Pole ami, lakini huyo ni mmoja. Si wote.

BintiMkomani
Kuna na ada ya redio na runinga, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Watatu mwagawana. Hosteli, chumba kikiwa kwenye korido ya wote, mara nyingi walipa peke yako. Hapo nyumba yashinda.

MwanaLangoni
Ni Leipzig. 260 bila joto wala umeme. Sina ufadhili, zile yuro 11,904 za akaunti ya viza babangu ndiye aliyezitafuta, kwa hivyo kila yuro ina hesabu.

Mshela
Utafanya kazi. Mwanafunzi aruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka.

AmiFaza
Muhula wa kwanza asome. Lugha yenyewe bado.

BintiMkomani
Jumapili maduka yafungwa, nunua Jumamosi. Mchele wa gunia kwa Waasia ni nafuu. Tui la mkebe usilichemshe kwa moto mkali, hukatika.

Mshela
Tui la mkebe si tui. Abebe mbuzi yake, nazi kavu zapatikana huko.

BintiMkomani
Mbuzi ndani ya begi la kilo 23? Aache nguo za baridi?

MwanaLangoni
Jamani, Ijumaa yaja.

AmiFaza
Leo hii mwandikie mwenye nyumba, umuulize atakupa karatasi ya usajili au hakupi. Na joto la mwaka jana lilikuwa kiasi gani. Akijibu, tuwekee hapa.