Mrejesho: pete ya lesi iliyogoma kufunga

Niliuliza kwa nini pete ya tatingi (lesi ya mafundo inayofumwa kwa mkono) haifungi nikivuta uzi wa shatoli, yaani kile kifaa kidogo kinachobeba uzi. Asanteni, chanzo kimepatikana: fundo halikuwa linahama kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Uzi wa shatoli ndio uliouzunguka ule wa mkononi (uliozungushwa vidole vya kushoto), kumbe inatakiwa kinyume chake.

Ukishapitisha shatoli, legeza vidole vya kushoto, kaza uzi wa shatoli hadi fundo liruke (lihamie uzi wa mkononi), ndipo utanue vidole. Pima kila nusu fundo (fundo kamili lina nusu mbili) kwa kuvuta shatoli. Lisipoteleza, lifumue hapo hapo. Nusu moja mbovu hukwamisha pete nzima (na kufumua baadaye, mh!).

Kwa mazoezi, unganisha nyuzi za rangi mbili, moja ya shatoli na nyingine ya mkononi: mafundo yakitokea kwa rangi ya shatoli, umekosea. Sasa pete ya 5-5-5-5 (mafundo matano mara nne), yenye vijitanzi vitatu vya pambo katikati ya mafungu hayo, inafunga vizuri.