Vijiti vinne kwenye vibrafoni: cha nje mkono wa kushoto hakinitii

kinanda_mwanza:
Habarini wakuu. Niko Columbus, Ohio. Kanisa letu limenunua vibrafoni (ala ya vibao vya alumini vinavyogongwa kwa vijiti) iliyotumika, okteva tatu, mota imekufa ila pedali nzima. Nimekulia kwenye kwaya Mwanza nikipiga kinanda, noti hazinisumbui. Kwa vijiti viwili naenda vizuri. Nikishika vinne kwa mshiko wa Burton (ule wa mpiga vibrafoni Gary Burton, viwili kila mkono, vikipishana kiganjani), cha nje cha mkono wa kushoto kinalegea, kinagonga kibao cha jirani, na kidole cha shahada kinauma. Jamaa mmoja kaniambia nihamie mshiko wa Stevens. Nihame? Pia chombo kiko kanisani, ufunguo napewa Jumamosi tu. Siku nyingine nifanye nini?

bati_la_pili:
Milt Jackson, mpiga vibrafoni wa jazz, alipiga viwili miaka yote na Modern Jazz Quartet, na hakuna aliyemdai vingine. Piga melodi, waachie wapiga kinanda kodi (noti kadhaa kwa pamoja).

mama_pedali (Hamburg):
Huyo hapo juu hajakosea kuhusu Milt Jackson, ila hakuulizwa hilo.

Mdogo wangu, usihame. Stevens aliujenga mshiko wake kwa ajili ya marimba, akiendeleza ule wa Musser, mpiga marimba aliyemtangulia. Vijiti havipishani kiganjani, na kwenye marimba ya okteva tano ni raha tupu. Vibrafoni ni fupi, na safu ya nyuma (zile noti nyeusi za kinanda) imelala usawa mmoja na ya mbele, haijapanda juu yake kama kwenye marimba. Wapo wanaoipiga kwa Stevens, tena vizuri. Lakini kubadili mshiko kwa sababu ya kidole kinachouma ni kuhama nyumba kwa sababu ya mbu.

Hebu jitazame. Pale vijiti vinapopishana kiganjani, vidole gani vimebana? Ukisema gumba na shahada, basi ugonjwa ni huo. Wa kubana ni cha pete na kidogo. Gumba na shahada kazi yao ni kufungua na kufunga. Ukitaka upana mkubwa, gumba linaingia katikati ya vijiti na kuvisukuma. Halafu mipini ni ya nini? Sisi wa Burton tunapenda henzerani, inakamatana vizuri pale kwenye makutano. Mipini ya mbao iliyolainishwa inateleza, nawe unakaza mkono kuifidia.

Kodi ziache kwanza. Mkono wa kushoto peke yake, do na fa kwa pamoja, panda ngazi hatua kwa hatua. Usikie mlio mmoja. Ukisikia "ta-ta", kimoja kimetangulia. Kisha piga cha nje tu, kwa kuzungusha mkono, siyo kwa kukisukuma na kidole.

Sasa jambo ambalo watu wa kinanda hulisahau: alumini hailali yenyewe. Pedali ikiwa chini, kila kibao kinaendelea kuimba, na ukiiachia unazima vyote pamoja. Kwa hiyo nusu ya kazi ya vijiti ni kuzima. Kanyaga pedali, piga do. Piga re kwa kijiti kingine, na papo hapo kile cha kwanza kilaze juu ya do. Kilaze, usigonge, ukisikia "tok" umegonga. Ngazi nzima namna hiyo, polepole. Mwanafunzi akiniletea kodi nene kabla hajaweza kuzima noti moja, namrudisha hapa, na wengi hununa.

Na wewe uko jirani kabisa na Indiana! Burton kazaliwa huko mwaka 1943, na vibrafoni yenyewe kampuni ya Leedy ilianza kuitengeneza Indianapolis miaka ya 1920. Msikilize Burton akiwa na mpiga piano Chick Corea, wawili tu. Sikiliza jinsi noti zake zinavyokatika.

kayamba_nbo:
Boss, siku za katikati ya wiki tumia kadibodi. Pima upana wa kila kibao Jumamosi (havilingani, vya chini ni vipana), chora safu zote mbili, kata, bandika mezani juu ya blanketi. Hutasikia kitu, lakini mkono utajifunza umbali. Mota isikuumize kichwa, Burton mwenyewe kwa kawaida aliizima. Chungulia tu vile visahani ambavyo mota huzungusha, vilivyo juu ya mabomba chini ya vibao: visimame wima. Vikilala vinaziba bomba na sauti inakufa.

kinanda_mwanza:
Shikamoo mama. Mipini ni ya mbao, tena inang'aa! Nimeagiza henzerani. Kayamba, visahani vya safu ya mbele vilikuwa vimelala vyote, na sisi tulishaanza kulaumu dari la kanisa. Swali la mwisho: melodi peke yake nipige na vijiti vipi?

mama_pedali:
Marahaba. Kushoto cha ndani, kulia cha nje. Vile vingine viwili viinue kidogo visiguse kitu, na usianze kuviegemeza kwenye vibao ukichoka.