Martlet ya 1942: nifanyeje rubani akunje magurudumu kwa mkono wake?

MwanaMtongwe

Asalaam aleikum wenzangu. Natengeneza Grumman Martlet II, ndege ya kivita ya Waingereza ya kubebwa na manowari, nayo ni ya kurushwa kwenye FlightGear, ule mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Umbo nimelimaliza kwenye Blender, inapaa, inatua. Nimekwama mahali pamoja tu, lakini hapo sitaki kupita hivihivi.

Kwanza niwaambie kwa nini Martlet na si Spitfire. Mimi ni wa Mtongwe, nikisimama ufuoni naiona Kilindini yote. Wajapani walipoipiga Colombo tarehe 5 Aprili 1942, manowari nyingi za Waingereza zenye makao Ceylon (Sri Lanka ya leo) zilihamishiwa huku kwetu. Mwezi uliofuata Illustrious, manowari yao ya kubeba ndege, ikapigana Diego Suarez kule Madagaska, kisha nayo ikaja kutia nanga papa hapa, na Martlet zake. Marehemu babu alikuwa kuli bandarini miaka ile. Akitusimulia alikuwa akisema ndege zile "zakunja mbawa kama kuku aingiapo bandani". Mimi nilidhani ni maneno ya kutufurahisha watoto. Juzi nilipoifungua michoro ndipo nilipoona kwamba alisema kweli tupu: mbawa za Martlet II hazisimami juu kama za ndege nyingine za manowari. Zinajipinda, zinarudi nyuma, zinalala ubavuni. Kuku kabisa.

Sasa tatizo. Magurudumu ya Martlet hayakupandishwa na mota. Upande wa kulia wa rubani palikuwa na hendeli, naye akishapaa aliizungusha karibu mara 30, cheni ikivuta, mpaka magurudumu yaingie kwenye mbavu za ndege. Mkono wa kulia ukienda kwenye hendeli, fimbo inashikwa na wa kushoto. Basi kila akizungusha, ndege inainama na kuinuka, inainama na kuinuka. Ndivyo Martlet zilivyojulikana zikitoka.

Kwangu mimi unabonyeza G, sekunde nne, magurudumu yamo ndani. Inaniuma. Nimekulia kwenye mashua ya ami yangu, yenye dizeli ya kupigwa hendeli, na najua bega linavyofuata mkono na kiuno kinavyofuata bega. Rubani yule hakubonyeza kitu.

Je, kila kubonyeza kuwe mzunguko mmoja? Na ule mtikisiko niuandike kwenye skripti, pua ipande na kushuka yenyewe?

BintiTanga

Waaleikum salaam kaka. La kwanza, ndiyo. Kama umetumia JSBSim, ile programu inayoikokotolea FlightGear mwendo wa ndege, ile gear/gear-pos-norm ni 1 magurudumu yakiwa chini na 0 yakiwa juu. Ondoa sehemu moja ya 30 kwa kila mzunguko. Na hakikisha ule mburuto wa magurudumu kwenye hewa umeuzidisha kwa namba hiyohiyo, ili anayechoka njiani aburute magurudumu nusu nje na aone mwenyewe ndege inavyokuwa nzito kupanda.

La pili, hapana, nakuomba sana. Mtikisiko usiuandike. Ukiuandika utakuwa uleule kwa kila mtu, mara ya kwanza na mara ya mia. Hendeli ifunge kwenye gurudumu la kipanya. Wengi wetu joistiki tunaishika kwa mkono wa kulia, na kipanya kiko kuliani. Mchezaji itambidi aiachie joistiki, aipokee kwa kushoto, kisha apeleke kulia kwenye kipanya. Mkono wa kushoto haujazoea, utatetemeka wenyewe. Ndege itainama kwa sababu ileile iliyoinamisha zile za 1942. Huhitaji hata mstari mmoja wa kuigiza.

FundiDizeli

Mwanangu, ngoja nami niseme, maana hendeli nimepiga miaka mingi hapa Likoni. Nyote mmezungumzia kupandisha. Kushusha je?

Ukipandisha, unashindana na uzito wa magurudumu. Ukishusha, uzito uleule unataka kukimbia nawe. Hendeli ikikuponyoka hapo inazunguka peke yake, na marubani wa ndege hizo waliiogopa kwa sababu ingeweza kuvunja kifundo cha mkono. Mimi nimeona mkono wa mtu ukipigwa na hendeli ya dizeli. Mlio wake sijausahau.

Kwa hiyo kushusha kusiwe kupandisha kwa kinyume. Kwenye kushusha, mchezaji akiacha kuzungusha, magurudumu yaendelee kushuka kwa kasi inayoongezeka na yagonge mwisho kwa kishindo. Weka na kile kijiti kidogo cha kuchagua juu au chini, kinachozuia hendeli isirudi. Asiyekigeuza kwanza, hendeli imkatalie.

Silinda14

Hodi. Hendeli mmeimaliza, mimi nina wasiwasi na injini. MwanaMtongwe, takwimu zako za nguvu umezitoa wapi? Nauliza kwa sababu watu wengi huchukua jedwali la F4F-4, toleo la Wamarekani la ndege hiyohiyo, na kuandika Martlet juu yake.

Martlet I zilitokana na oda ya Ufaransa, nazo zilikuwa na Wright Cyclone, silinda 9 kwenye duara moja. Ya kwako, Martlet II, ina Twin Wasp ya Pratt & Whitney, silinda 14 kwa safu mbili. F4F-4 nayo ni Twin Wasp, ila supachaja yake, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, ina hatua mbili. Ya Martlet II ni ya hatua moja yenye kasi mbili. Karibu na bahari utaziona ni ndugu. Huko juu, hewa ikishakuwa nyepesi, zinaachana vibaya. Ukichukua jedwali la F4F-4 utakuwa umempa rubani wako pumzi asiyokuwa nayo.

Na rangi: kule Yeovilton, Uingereza, kwenye makumbusho ya Fleet Air Arm (kikosi cha ndege cha jeshi lao la majini), iko Martlet yenye namba AL246 ambayo wataalamu waliibambua rangi tabaka kwa tabaka mpaka wakaifikia ya asili. Tafuta picha zake. Ila ni Martlet I, kwa hiyo chukua rangi, pua iache.

MwanaMtongwe

Mzee FundiDizeli, shikamoo. Dada, nakushukuru. Silinda14, umenishika: jedwali lilikuwa la F4F-4. Nimelifuta lote na naanza upya.

Jana baada ya isha nikafunga hendeli kwenye kipanya kama alivyosema dada. Nikaruka kutoka Port Reitz, uwanja tunaouita Moi siku hizi, nikielekea kusi, upepo usoni. Guu la kulia nimelikandamiza kwenye usukani, maana Martlet inavuta kushoto. Maji yakawa chini yangu. Nikabadilisha mikono, nikaanza kuzungusha na kuhesabu. Kwenye mzunguko wa 7 pua ikashuka, nikaivuta, ikapanda mno. Wa 12 bawa la kushoto likalala. Wa 19 nikasahau kuhesabu kwa sababu mikoko ilikuwa imejaa kioo kizima. Nikaacha hendeli, nikaishika fimbo kwa mikono miwili, ndege ikainuka huku magurudumu yamening'inia nusu.

Nilirudia mara sita. Ya sita nilifika 30, jasho linanitoka, na Mtongwe ilikuwa chini ya bawa la kushoto.

Leo naandika kushusha. Mzee, nina swali moja: dizeli ya Likoni ikikuponyoka, hendeli ilikuwa inazunguka mara ngapi kabla ya kusimama? Nataka kuanzia hapo.

FundiDizeli

Marahaba. Mara tatu, nne. Lakini kwenye dizeli hendeli huchomoka. Ya kwako haina pa kuchomokea, ina cheni. Wacha izunguke mpaka magurudumu yafike chini.