Wino wa mihuri unanichafulia kadi za mkono, na nina oda ya kadi 150. Naombeni ushauri (Mwanza)

MamaKadi_Kirumba

Habari zenu wanajukwaa. Huwa nasoma tu humu, leo nimekwama nimeona nifungue uzi.

Nipo Mwanza, Kirumba. Tangu mwaka jana natengeneza kadi za mkono. Nakata manila, nakunja, halafu napiga mihuri ya mpira yenye michoro ya kwetu: Jiwe la Bismarck, mtumbwi wenye tanga, samaki sangara, na duara la maua la kuzungushia jina. Michoro nachora mwenyewe, mihuri katengeneza fundi wa mjini ambaye kazi yake ya kila siku ni mihuri ya ofisi. Natengeneza pia vifuko vya zawadi na vile vikadi vidogo vya kufunga na kamba. Kipaimara, mahafali, Idd, Krismasi, nimeuza zote na watu wamependa.

Mwezi uliopita nikapata kadi 40 za shukrani za sendofu. Nilitaka zionekane za hadhi, nikanunua manila yenye mng'ao badala ya ile ya kawaida. Wino nikatumia ule ule wa mihuri ya ofisi, wa bluu na mwekundu. Nilipiga usiku, nikazitandaza mezani hadi asubuhi. Zilikuwa zinang'aa vizuri, nikaamini zimekauka, nikazitia kwenye bahasha nikapeleka.

Jioni mteja ananitumia picha. Sangara ana kivuli chake upande wa pili wa kadi, na juu ya jina la bibi harusi kuna alama ya dole gumba, nyekundu, mistari yote ya kidole unaiona. Nilimrudishia hela yake yote. Usiku ule sikulala.

Mungu si Athumani, mdogo wake yule yule mteja ameniamini tena. Anataka kadi 150 za shukrani baada ya wiki tatu. Nimeogopa kupokea advansi. Naomba kujua nitumie wino gani na karatasi gani, na kama kosa ni la mihuri yenyewe. Na bei: ile ya kwanza niliuza 1,500 kila moja na sikuona faida. Natanguliza shukrani.

---

Chapa_Makoroboi

Pole sana dada. Mihuri yako haina kosa, na wala fundi wako hana kosa. Nimefanya kazi ya uchapaji miaka mingi na hili naliona kila mara.

Wino wa pedi ya ofisi umetengenezwa ili usikauke. Wengi wake una glisarini ndani yake, ndiyo maana pedi ikikaa wazi mezani kutwa nzima bado ina unyevu. Ukipiga kwenye karatasi ya kawaida, wino haukauki kwa hewa kama nguo kwenye kamba. Unanywewa na karatasi. Manila yenye mng'ao imepakwa kitu juu, nyuzi za karatasi zimefunikwa, wino unakosa pa kuingia na unabaki umekaa juu kama mafuta kwenye sahani. Ungeziacha wiki nzima zingechafua tu. Na huku kwetu kando ya ziwa, msimu wa mvua, hata karatasi ya kawaida inachelewa.

Kipimo rahisi kabla hujanunua: muombe muuzaji kipande cha pembeni, weka tone moja la maji. Likizama na kuacha doa, karatasi hiyo itakunywa wino. Likisimama kama shanga, iache. Ukifika nyumbani piga muhuri kwenye hicho kipande, subiri dakika kumi, kisha pitisha kidole kikavu kwa nguvu. Mimi siamini macho, naamini kidole.

Kama mteja anang'ang'ania mng'ao, kuna wino wa kukauka haraka, ule wa kupigia tarehe kwenye plastiki na chuma. Huo unakauka kwa hewa hata kwenye karatasi yenye mng'ao. Lakini una harufu kali, madirisha yawe wazi na watoto wakae mbali, na unaweza kula baadhi ya mihuri, hasa ile laini inayopitisha mwanga. Muulize fundi wako mihuri yako ni ya aina gani kabla hujaujaribu. Kwa kadi 150 mimi ningerudi kwenye manila isiyong'aa, gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba, rangi ya maziwa. Inapendeza kuliko unavyodhani.

---

Rosa_wa_Igoma

Dada mimi zikinichelewa kukauka huwa napitisha pasi ya moto juu ya karatasi nyingine. Inasaidia.

---

Chapa_Makoroboi

Rosa, kwenye karatasi ya kawaida sawa, unaondoa unyevu. Kwenye ya mng'ao utahamishia wino kwenye hiyo karatasi ya juu, na ule mpako ukipata joto unaweza kunata kwenye pasi. Mleta uzi asijaribu na kazi ya mtu.

---

Mwalimu_wa_Sanaa_Nyegezi

Mleta uzi, mwenzangu kashamaliza suala la wino. Mimi niseme juu ya mkono, maana karatasi nzuri yenye muhuri uliopigwa vibaya bado ni hasara.

Muhuri mkubwa kama huo wa Jiwe la Bismarck usiuchovye kwenye pedi. Ulaze chali, yaani mchoro ukutazame, halafu chukua pedi uigongegonge juu ya mchoro kwa wepesi, tap tap tap, huku ukitazama rangi inavyoenea. Ukichovya, wino unajaa kwenye mabonde ya mpira na ndiko zinakotoka zile alama chafu pembeni ya mchoro. Kama pembeni kuna mpira uliobaki bila mchoro, ukate kwa wembe, uukate kwa kuinamisha nje ili shina liwe pana.

Chini ya kadi weka magazeti matano au sita, uso uwe na ulaini kidogo. Shusha muhuri wima, bonyeza kwa kiganja, usiutikise, kisha uinue wima. Wanafunzi wangu wote wanautikisa siku ya kwanza, wanadhani inasaidia. Kutikisa huko ndiko kunakozaa kivuli.

Kingine: si lazima kila mchoro upite kwa fundi. Chukua ufutio mkubwa wa shule, mweupe, usiopasuka ukiukunja. Chora kwa penseli kwenye karatasi nyepesi, igeuze juu ya ufutio, sugua kwa mgongo wa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na ukipiga muhuri utarudi sawa. Hapo huna haja ya kuhangaika na herufi kwenda kinyume. Chonga kwa ncha ya wembe mpya, mistari isiwe chini ya milimita moja, la sivyo itakatika kadi ya ishirini. Anza kuondoa sehemu ndogo za ndani, za nje mwisho. Kisha gundisha kwenye kipande cha mbao, mafundi seremala wanavitupa kila siku.

Kuosha: kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ukaushe kivulini. Petroli na thina vinavimbisha mpira.

---

Mwalo_Kirumba

Dada tuko mtaa mmoja. Mimi mambo ya wino siyajui, nauza samaki. Ila kama ulivyoeleza una muhuri wa sangara, na nadhani kadi yako niliiona kwa shemeji yangu kwenye kipaimara cha mwanae. Kadi nzuri sana. Lakini yule si sangara.

Ulimchora mkia umegawanyika kama mkasi. Sangara mkia wake umeviringa, kama upawa. Paji lake limebonyea kabla ya pezi la mgongoni, ukimtazama kwa ubavu unaliona hilo bonde. Na pezi la mgongoni lina miiba mirefu mbele, linashuka karibu liishe, halafu linapanda tena. Kama unataka samaki rahisi kuchora, chukua sato. Pezi lake la mgongoni ni moja, refu, halikatiki, na mkiani ana mistari ya wima. Mtu wa Ukerewe au wa Sengerema akipokea kadi yako atatazama mkia kwanza, nakuambia ukweli.

---

MamaKadi_Kirumba

Kaka wa mwalo, nimeisoma mara tatu. Nilimchora kutoka kwenye picha ya intaneti, na kumbe soko liko dakika chache kwa mguu. Kesho alfajiri nakuja na daftari. Naomba usimkate mkia mmoja kabla sijafika.

Chapa, nimefanya kipimo cha tone kwenye manila zangu zilizobaki. Ya mng'ao tone limesimama kama ulivyosema, hadi nikaona taa ndani yake. Ya kawaida limezama kabla sijahesabu tano. Siku zote hizi nilikuwa namlaumu fundi wa watu moyoni.

Bado nasubiri wa kunisaidia kwenye bei.

---

Binti_Bugando

Bei nitakusaidia mimi, nafunga maboksi ya zawadi.

Kwanza pima muda. Tengeneza kadi tano mfululizo na saa mkononi, kuanzia kukata hadi kuitia kwenye bahasha, ugawe kwa tano. Tuseme umepata dakika saba. Kadi 150 ni dakika 1,050, yaani saa 17 na nusu za kukaa kitini. Hizo ni siku mbili na zaidi za maisha yako. Ukijilipa 2,000 kwa saa, ambayo si nyingi kwa kazi ya ustadi, ni 35,000, karibu 235 kwa kila kadi. Umewahi kuiweka? Wengi wetu tunahesabu karatasi tu.

Halafu karatasi. Manila nzima ikiwa ya saizi ya A1 inatoa vipande 16 vya A5, na kila kimoja ukikikunja ni kadi moja. Usinunue za kadi 150. Hesabu 165, maana zitaharibika, nazo zinataka manila 11. Ongeza bahasha, wino, nauli ya kwenda mjini na kurudi, na sehemu ya gharama ya mihuri. Jumlisha, kisha weka faida juu yake. Faida na malipo ya kazi yako ni vitu viwili. Mimi nilivichanganya mwaka mzima, nikawa nafanya kazi usiku na mtaji haukui.

La mwisho, na hili naliamini sana: usishindane na kadi za mchango. Hizo sasa watu wanatumiana WhatsApp, zinafika bure na kamati inahesabu majina palepale. Lakini hakuna aliyetunza kadi ya WhatsApp kwenye Biblia yake au ndani ya fremu. Kadi ya shukrani anayopewa mama mkwe mkononi, kikadi kilichofungwa kwenye zawadi ya komunio, kadi ya mgeni anayetaka kuondoka na kitu cha Mwanza baada ya kutoka kisiwani Saanane, hapo ndipo pako. Mteja wa 150 mwambie bei yako halisi na muombe nusu kabla. Usiogope advansi. Advansi ndiyo itakayonunua karatasi sahihi.

---

Chapa_Makoroboi

Naunga mkono. Naongeza dogo: kabla hujakata manila zote 11, jua nyuzi zimelala upande gani. Shika karatasi uipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokubali kirahisi ndiko zilikolala. Kata ili mkunjo wa kadi ufuate upande huo. Ukikunja kinyume, mgongo wa kadi unapasuka na kuonyesha vinyweleo. Na pitisha kwanza kalamu ya wino iliyokwisha kwenye mstari wa mkunjo, kwa rula ya chuma, ndipo ukunje.

---

Rosa_wa_Igoma

Hili la nyuzi ndiyo kwanza nalisikia. Nilikuwa naona nyingine zinapasuka nyingine hazipasuki, nadhani ni manila feki.

---

MamaKadi_Kirumba

Narudi na mrejesho, siku tisa baadaye.

Nilifika mwaloni saa kumi na mbili asubuhi. Kaka alinishikia sangara wa kilo kama nne kwa mikono miwili, nikachora nimesimama, watu wanatupita na matenga ya dagaa. Lile bonde la paji lipo kweli. Nimemchonga mwenyewe kwenye ufutio, mara mbili, wa kwanza nilikata mwiba wa pezi kwa kuharakisha. Wa pili ametoka. Mkia kama upawa.

Mteja nilimpelekea sampuli mbili, moja ya mng'ao na moja ya manila ya maziwa, nikamwambia azisugue zote kwa kidole mbele yangu. Kidole kilipobaki cheupe kwenye ya pili hakuuliza tena habari za mng'ao. Bei nilimtajia 2,800. Alinyamaza kidogo, akasema ni sawa, akatuma nusu.

Mpaka jana usiku nina 60. Nimefunga kamba mbili sebuleni, nazining'iniza kwa vibanio vya nguo, kila moja inalala siku nzima kabla ya kukunjwa. Zilizoharibika ni nne. Wabeja sana wote.

Swali moja limebaki. Ndani ya kadi mteja anataka majina ya maharusi na tarehe. Nitengeneze muhuri wa majina kwa fundi, ambao baada ya kazi hii hautatumika tena, au niandike kwa mkono?

---

Mwalimu_wa_Sanaa_Nyegezi

Andika kwa mkono, kalamu nyeusi ya ncha nyembamba, na uandike kabla ya kukunja. Kadi 150 gawanya siku tano, thelathini thelathini. Ukizidisha hapo herufi zinaanza kulala, na wa mwisho kuandikiwa atakuwa mama yake bwana harusi.

---

Mwalo_Kirumba

Sato yupo Jumamosi, dada. Njoo mapema, wanaisha saa moja.