Pwani ya Tanga: mkubwa awe wa nchi kavu au mwanamaji?

Mtu wa Raskazone
Assalaam alaykum wanajamvi. Jana barazani kwetu Chumbageni nusura kahawa imwagike. Bomba la mafuta linatoka Hoima kule Uganda kilomita 1,443 kuja kuishia Chongoleani, na bandari yetu imechimbwa hadi meli kubwa zinafunga gatini. Sasa siku ikizuka shari, mwenye kauli ya mwisho pwani hii awe nani: kamanda wa nchi kavu au wa wanamaji? Mimi nasema mwanamaji. Mwenye bahari ndiye mwenye pwani. Mzee mmoja akanikata kauli kwa vita vya Novemba 1914 vya hapa hapa Tanga. Mwingereza alikuja bahari yote yake, melini ana watu kama 8,000, Mjerumani ana kama 1,000 tu, na bado akarudi alikotoka. Mzee anasema meli na nchi kavu hawakusikilizana. Mnaonaje? Ila kwa hilo Watanga tuliwapiga kweli kweli, lisemwe.

Damu ya Bagamoyo
"Watanga tuliwapiga." Nyie na nani? Mlipiganiwa na nyuki, leo mnajipa nishani. Bagamoyo 1888 tulisimama wenyewe mbele ya mizinga ya manowari. Hatukumsubiri mdudu.

Binti Ngamiani
Damu, mwambie na mwisho wake. Mlisimama, halafu?

Damu ya Bagamoyo
Halafu tukapigwa kishujaa. Kuna tofauti, dada.

Koplo Mstaafu
Ngojeni nimjibu kijana kwanza. Novemba 2 manowari Fox ya Mwingereza ilitangulia kuingia. Nahodha wake, Caulfeild, akamwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akamwambia: yale makubaliano ya wanamaji ya kutopigana na miji ya pwani yamekwisha, jisalimishe. Yule bwana akaomba muda awaulize wakubwa. Kurudi nchi kavu, simu ya waya ikalia hadi Moshi. Mwizi gani huyo anapiga hodi?

Kisha wanamaji wakaingia hofu ya mabomu yaliyotegwa majini, wakaanza kufagia. Hayakuwamo. Kwa ajili hiyo jeshi likashushwa Raskazone kwenye mikoko, usiku, mbali na gati. Jenerali Aitken, mkubwa wa jeshi la Mwingereza, hamwamuru nahodha, nahodha hamwamuru jenerali, kila mmoja ana mkubwa wake. Wakati huo von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, anapakia watu kwenye treni ya Moshi. Tarehe 4 vita vilipokolea, Fox haikujua wenzake wako wapi ndani ya mashamba. Kombora lake likaangukia hospitali.

Sisi hatuna ugonjwa huo kwenye karatasi. JWTZ ina kamandi ya nchi kavu, ya anga na ya wanamaji, zote chini ya Mkuu wa Majeshi mmoja. Machi 2008 askari wetu walivuka maji pamoja na Wakomoro na Wasudani kwenda kisiwa cha Anjouan kule Komoro kumtoa Bacar, mtawala aliyegoma kuachia madaraka. Bila vyombo vya majini hufiki, bila wa nchi kavu hukai. Kwa hiyo "nani mkubwa" ni swali lililokaa kombo. Uliza hivi: aliye ufukweni na redio yake, akimwita aliye melini, anajibiwa baada ya dakika ngapi?

Damu ya Bagamoyo
Koplo shikamoo. Somo zuri, lakini nyuki umewaruka. Au ni siri ya jeshi?

Mrina Asali wa Handeni
Hapa pangu. Mimi na nyuki tunajuana tangu utoto. Wakati ule watu walitundika mizinga juu ya miti kama tunavyotundika leo. Risasi za rashasha zikatoboa mizinga, nyuki wakatoka na hasira zao. Nyuki hana serikali. Waliwauma Waingereza, wakawauma askari wao wa Kihindi, wakawauma na askari wa Mjerumani, baadhi ya rashasha zake zikanyamaza wapigaji wakipunga mikono. Wapo Waingereza waliovumisha kwamba Mjerumani alifunga nyaya kwenye mizinga ili mtu akijikwaa nyuki watoke. Uongo mtupu. Sijapata kuona mtu anayefunga waya kwenye mzinga akabaki na macho mawili.

Yakhe wa Makorora
Manowari ilikuja na mizinga yake ikakuta minazi ina mizinga yake. Mmoja ukalenga hospitali, mwingine ukalenga makalio.

Binti Ngamiani
Nimecheka, lakini sipendi. Watu mamia walikufa pale, halafu kila mwaka tunabaki na nyuki tu.

Mtu wa Raskazone
Koplo, ahsante kwa darasa. Hata hivyo bado nasema mwanamaji awe juu, maana...

Kijana wa Muheza
Samahani kuingilia. Babu alitusimulia kwamba sisi watu wa Tanga tuliwatupa Waingereza baharini na hawakurudi tena mpaka vita kwisha 1918. Kwa hiyo hata bahari yao haikuwasaidia kitu.

Yakhe wa Makorora
"Sisi watu wa Tanga." Wewe wa Muheza, uza machungwa.

Kijana wa Muheza
Muheza ni mkoa gani? Jibu. Mnakula machungwa yetu, mnapita barabara yetu, ikifika sifa mnatufungia mlango.

Yakhe wa Makorora
Mkoa ni karatasi, yakhe. Tanga ni hapa bandarini. Waja leo waondoka leo, na nyie ndio mnaokuja asubuhi na basi la kwanza.

Kijana wa Muheza
Reli iliyowaleta askari kuja kuwaokoa ilipita Muheza. Ingekatwa kwetu, leo mngekuwa mnaongea Kihindi.

Mwalimu wa Zamu
Kijana wa Muheza umeteleza kwenye mwaka, ila kwa reli umegusa penyewe bila kujua. Waingereza walirudi, wakaingia Tanga Julai 7, 1916, na safari hiyo mji haukuwa na wa kuupigania. Hiyo 1918 ni mwisho wa vita vyote.

Kuhusu reli, ndiyo jibu la mwenye mada anayesema mwenye bahari ndiye mwenye pwani. Mwingereza alikuwa na meli, Mjerumani ana gari moshi. Meli zimebeba watu tangu katikati ya Oktoba kutoka Bombay, wamechoka, wamechafukwa, wanashushwa kwenye tope. Treni inamshusha mtu na bunduki yake karibu kabisa na vita. Na Mwingereza alipopanda meli kuondoka tarehe 5 aliacha ufukweni rashasha 16 na risasi 600,000. Mjerumani akazitumia.

Damu ya Bagamoyo nawe usicheke sana. Mfano wako unakugeukia. Septemba 1888 wanamaji wa Leipzig, manowari ya Mjerumani, ndio walioshuka Bagamoyo kuwarudisha nyuma watu wa Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani. Wissmann, kamanda wa Mjerumani, alipokuja 1889 na askari wake wa Kisudani na wale waliotoka Msumbiji, alishambulia boma la Abushiri mwezi Mei akiwa na wanamaji bega kwa bega. Baadaye Saadani, Pangani, Tanga, mpango ule ule: meli zinapiga, watu wanashuka. Pwani hii Mjerumani aliipata kwa sababu bahari na nchi kavu walisikilizana. Miaka 25 baadaye Mwingereza akaikosa kwa sababu hawakusikilizana.

Damu ya Bagamoyo
Mwalimu, unataka kusema tulikimbia?

Mwalimu wa Zamu
Neno "kukimbia" silioni kwenye maneno yangu. Soma tena.

Damu ya Bagamoyo
"Kuwarudisha nyuma" ni nini kama si kukimbia kwa Kiswahili cha shule? Abushiri alipigana mpaka wakamnyonga Pangani Desemba 1889. Nyie wa Tanga shujaa wenu ni nani? Mzungu wa baiskeli?

Yakhe wa Makorora
Ahaa, baiskeli. Hiyo nayo ni kweli. Von Lettow-Vorbeck alizunguka mji usiku kwa baiskeli kabla ya vita, akienda kuchungulia. Mwenzake yuko melini hajui hata mikoko inaanzia wapi.

Koplo Mstaafu
Na hilo ni somo la upelelezi, lingestahili...

Binti Ngamiani
Koplo niwie radhi, nitakukata. Damu umeuliza shujaa wetu nani, nami swali hilo linaniuma kwa namna nyingine. Hapa wote mnasema "tuliwapiga", "mlipigwa". Wale askari wa Mjerumani wengi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, watu waliopewa bunduki na mshahara. Nenda makaburi ya Sakarani, Mjerumani na askari wamelala kiwanja kimoja. Babu wa babu yangu hakuwa askari. Alichukuliwa kubeba mizigo, akabeba hiyo hiyo risasi mwalimu anayoihesabu hapo juu, kwa kichwa, hadi Mjerumani alipomwacha njiani na miguu imevimba. Dar wana Kariakoo, jina la wapagazi wa Mwingereza, angalau mtu akiuliza anaambiwa. Hapa Tanga mimi nikimuulizia babu naambiwa nyuki.

Mrina Asali wa Handeni
Dada, pole. Mimi niliongea ya nyuki kwa sababu ndiyo niyajuayo.

Yakhe wa Makorora
Pole shangazi. Utani wangu naurudisha, lakini wa Muheza siurudishi.

Damu ya Bagamoyo
Na sisi tuna wapagazi. Bagamoyo ndiko njia ya misafara ilikoishia. Kama ni kubeba, tulibeba kabla yenu.

Binti Ngamiani
Hata msiba mnashindania nafasi ya mbele, Damu.

Mtu wa Raskazone
Jamani, mimi niliuliza Chongoleani. Koplo alijibu, mwalimu akajibu, naona nimeshindwa nusu. Nakubali meli peke yake haitoshi, mfano wa treni umeniingia. Lakini hamjaniambia: tuseme kesho kuna chombo cha kutilia shaka maili 3 nje ya Chongoleani, na kuna watu wanatembea usiku kwenye mikoko. Polisi wanamaji wapo, jeshi lipo, walinzi wa bomba wapo. Nani anapiga simu ya kwanza, na nani anayeruhusiwa kusema "piga"?

Kijana wa Muheza
Wa Muheza hatuhusiki, si mmesema.

Koplo Mstaafu
Kijana, swali hilo ndilo lenyewe, na ndilo lililomshinda Aitken. Nitalijibu kadiri mstaafu anavyoruhusiwa. Aliye karibu na tukio apige simu, awe nani awe. Chumba kimoja kipokee, siyo vitatu. Ndani ya chumba hicho wa meli na wa nchi kavu wakae meza moja, mbele yao ramani moja yenye vina vya maji na njia za mikoko pamoja, kwa sababu maji kupwa na kujaa hubadilisha nani anaweza kufika. Maji yakipwa pale Chongoleani boti haifiki, mtu wa miguu anafika. Yakijaa ni kinyume. Ukimpa mmoja ukubwa wa saa zote, nusu ya siku umempa asiyeweza kufika.

Mrina Asali wa Handeni
Chongoleani nimepita mwaka jana. Mikoko ipo, minazi ipo. Nyuki sikuona.

Damu ya Bagamoyo
Basi hapo mjipange.

Mtu wa Raskazone
Koplo, hiyo ya maji kupwa na kujaa sikuifikiria. Kesho baada ya alasiri njoo barazani uieleze mbele ya yule mzee, kahawa juu yangu. Binti Ngamiani nawe njoo na jina la babu.

Yakhe wa Makorora
Na Muheza alete machungwa.