Kausha damu wanatumaliza Dodoma, na Bunge liko hapahapa

Wakuu, leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Wifi yangu anauza supu na chapati Nkuhungu. Alikopa laki tatu kwa kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Mkononi akapewa 270,000, elfu thelathini wamekata ya fomu. Marejesho 45,000 kila Jumatatu, wiki nane. Piga hesabu mwenyewe: kapokea 270,000, anarudisha 360,000. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, na Benki Kuu ilishaweka ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu hiyo ni 10,500. Kinachozidi hapo wanakiita fomu, bima, faini, jina lolote ilimradi lisiwe riba.

Wiki ya sita biashara ikayumba. Wakaja na bodaboda, wakang'oa mtungi wa gesi supu ikiwa jikoni, wateja wanaangalia. Sasa hayo marejesho atayatoa wapi?

Mtumishi wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, mwenye mshahara akienda benki anakutana na riba ya kama asilimia 15 kwa MWAKA. Mama wa supu, ambaye hana cha kuweka dhamana, ndiye anayelipa theluthi nzima ya ziada ndani ya miezi miwili! Mtaniambia kuna zile pesa za mikopo, asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, hazina riba. Sawa. Zilisimamishwa 2023, zikarudi 2024, na mpaka muwe kikundi chenye katiba na usajili. Mwenye ada ya mtoto wiki hii anasubiri hilo? Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya simu zisizo na leseni, hapo nawapongeza. Ila huyu wa mtaani ana daftari tu na kijana wa kubeba vitu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Aliyemkopesha wifi ndiye anayekaa meza kuu kwenye mikutano ya mtaa. Juzi limejadiliwa suala la maji, wifi ana la kusema kuliko wote, kainamisha kichwa mpaka mkutano umeisha. Nusu ya akina mama pale wamo kwenye daftari lilelile. Kura zao mnadhani zinakwenda wapi?

Mbunge yeyote aliyemo humu: leseni ya mkopeshaji ibandikwe mlangoni, na anayebeba chombo cha kazi cha mtu bila amri ya mahakama akamatwe kama mwizi mwingine. Hilo nalo linasubiri bajeti?

Na kama kuna mwanasheria, naomba aniambie ule mtungi naanzia wapi kuudai.